Jiwe la Kijani Nililoligeuza

Nyinyi mnaochovya hereni kwa betri ya pikipiki huku mmeziba masikio kwa muziki, leo zimeni kidogo mnisikilize. Mimi ni Bi Tatu wa Katubuka. Nilikaa kwenye benchi la usonara pale Ujiji tangu sina mvi hata moja mpaka macho yalipokataa kuona tundu la hereni. Mkiniuliza kazi hii inataka nini, najua mnangoja niseme subira. Subira hata muuza dagaa anayo. Kazi hii inataka woga. Mtu kakuwekea kitu chake kiganjani, ukikiharibu hakuna duka linalouza kingine, na wewe ndiye umeshika moto na tindikali. Usipoogopa hapo, kauze vocha.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba mikono yake ilikuwa inatetemeka. Chai alikunywa kwa kukishika kikombe kwa mikono miwili, na bado nusu ilimwagikia kanzu. Enzi zake dhahabu haikuchovywa kwa umeme. Iliyeyushwa ndani ya zebaki mpaka ikawa uji mzito, ukapakwa juu ya shaba au fedha, kisha kitu chenyewe kikawekwa juu ya mkaa. Zebaki inapanda na moshi usiouona, dhahabu inabaki imeshika. Nilimwuliza siku moja, "Mjomba, hiyo zebaki ikipanda inakwenda wapi?" Akanijibu, "Inakuja kwangu," akacheka, na meno yalikuwa yamebaki manne.

Zebaki hiyo haikumtetemesha mikono tu. Ilimtia woga wa watu. Mteja akipiga hodi, Mjomba anaingia nyuma ya pazia, mimi ndiye naongea. Mtaani walisema anaringa, wengine wakasema karogwa. Mimi niliona aibu kuwa mpwa wa mwanamume anayejificha. Nilikuja kuelewa baadaye, mikono yangu nayo ilipoanza kutetemeka kwa mabaki ya zebaki yake pale kwenye benchi. Kwa hiyo mkikuta fundi anawaambia zebaki haina neno, ondokeni, hata kama ni baba yenu.

Nilipoingia mimi tulikuwa tumeshahamia kwenye betri na maji ya kuchovyea. Maji yale nayo ni sumu. Mjomba aliyafungia kwenye sanduku la bati, chupa ameichorea fuvu kwa mkaa, ufunguo kiunoni. Fuvu lenyewe lilitoka limetabasamu kwa sababu ya mikono yake, lakini nililiogopa hivyo hivyo.

Sheria yake ilikuwa moja. Asubuhi kabla sijashika koleo ananiuliza, "Nini kwanza?" Nami najibu, "Jiwe kwanza." Kitu chochote chenye jiwe, kabla hakijaona moto, kabla hakijaona tindikali, kabla hakijachovywa, jiwe linatoka. Unafungua polepole ukingo wa kikombe cha shaba kinacholishika, unalitoa, unaliweka kwenye kitambaa, ndipo unaanza kazi. Akiki ikipata moto inapasuka. Feruzi inageuka rangi ya mboga iliyolala. Na lile jiwe la kijani la Kongo, lenye miviringo, ambalo wasomi wanaliita malakaiti, ni mdogo wake shaba: ukilitia tindikali linatoa povu na kuliwa mpaka liishe.

Nilidhani ananichosha bure. Siku moja nikaunga pete kwa moto na akiki yake ikiwa ndani, maana niliona mshono ni mdogo tu. Jiwe lilipasuka likaruka, kipande kikatumbukia kwenye sufuria ya mawese aliyokuwa anachemsha mke wa Mjomba pale nje. Mjomba akachukua upawa akaanza kuvua. Akasema, "Leo tunakula pete." Mke wake hakucheka, na mwenye pete hakucheka kabisa.

Na jiwe mlijue, msidanganywe na kioo. Liwekeni mdomoni, juu ya midomo. Jiwe lina baridi na linakaa na baridi yake. Kioo kinapata joto upesi. Kijana mmoja wa Mwandiga aliniona nafanya hivyo akaenda kutangaza kwamba fundi wa Ujiji anabusu pete za waume wa watu. Nilimwacha. Wateja waliongezeka.

Sasa nije kwenye miaka ile ya wakimbizi. Nyinyi mnaisikia kama hadithi. Kibirizi, pale zinapotia nanga boti, watu walishuka asubuhi na mchana, wa Burundi na wa Kongo, wengine wamebeba godoro, wengine wamebeba kuku mmoja, wengine mikono mitupu. Mchana kweupe mlio ulitoka ng'ambo ya ziwa, sisi tukaambizana ni radi, na mbinguni hakuna wingu. Tulichemsha maji ya kunywa mpaka mkaa ukaadimika, kwa kuogopa kipindupindu. Jirani alipokwenda chooni tulihesabu safari zake. Nilikuwa naogopa kutoka na naogopa kubaki ndani, na benchi langu lilitazama barabara, kwa hiyo niliwaona wote wanapita.

Kazi yetu ikageuka juu chini. Miaka yote wanawake walikuja wakitaka king'ae. Miaka ile walikuja wakitaka kififie. Mkufu wa kuchovya, hereni za kuchovya, vyote, "Fundi, toa dhahabu." Nilikuwa sijawahi kuvua dhahabu kwenye kitu. Nilijifunzia mikononi mwao.

Mmoja wao alikuwa Mama Riziki, Mkongo wa pwani ile ya ng'ambo. Alikuja asubuhi, mwanamke wa umri wangu, mrefu, kitenge kimepauka. Akasema, "Jambo, mama fundi," kama wanavyosalimia kwao, akatoa kidani kutoka kifuani. Kikombe cha kuchovya dhahabu, na ndani yake jiwe la kijani, duara, pana kama gumba langu.

"Niko naomba munitolee dhahabu hii yote," akasema. "Ifanane na shaba ya sufuria tu."

Nikamwambia, "Mama, hii si dhahabu hasa. Ni ya kuchovya, nyembamba kuliko ganda la kitunguu."

"Najua. Bwana yangu aliniambia tangu zamani. Lakini mwenye kisu hajui, na hataniuliza." Akaniambia kule kambini, bara, jirani yake wa hema alikatwa sikio kwa ajili ya hereni ya bati.

Nikalitazama jiwe. Lilikuwa zuri. Miviringo imezungukana mpaka katikati ikawa jicho, na kwenye jicho umetoka mchirizi kama ukia wa samaki, umeshuka kisha umepinda kuelekea kulia. Akaona nalitazama.

"Liko na ndugu yake," akasema. Mumewe alikuwa mfanyakazi kwenye mgodi wa shaba huko kusini. Riziki alipozaliwa, baba alimpa mkata mawe jiwe moja refu, akamkatia vipande viwili vinavyofuatana, kama unavyokata muhogo. Kipande kimoja cha mama, kimoja cha mtoto, vyote vina jicho na ukia. Siku ya kukimbia, Riziki ana miaka mitatu, jirani alimpakata kwenye boti ya kwanza, na boti ikaondoka kabla mama hajapanda. Alikaa ufukweni siku mbili ndipo akapata nyingine. Alipofika Kibirizi, jirani alikuwa amekufa kwa ugonjwa, na mtoto hayupo. Mtu kamchukua, hakuna ajuaye nani.

"Bwana yangu simujui aliko. Picha ziliungua na nyumba. Sina karatasi hata moja ya mutoto," akasema. "Hili jiwe ndiyo karatasi yangu. Mutoto ana lake shingoni. Nikimukuta, watayaona mawili, wataamini."

Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa kinaisha siku ile. Gari lingeondoka baada ya adhuhuri. Nikamwambia arudi saa sita.

Wanangu, dhahabu ya kuchovya inavuliwa kwa mkono. Unatoa jiwe kwanza, halafu unasugua kwa mchanga laini na majivu, nusu siku, mpaka shaba inatokea. Au unaweza kutia tindikali iliyozimuliwa, ikaila shaba ya chini kidogo na dhahabu ikabanduka yenyewe, dakika chache tu. Mimi nilikuwa na saa mbili na nusu. Ukingo wa kikombe kile ulikuwa wa zamani, mgumu, nikaogopa nikiufungua kwa haraka utachanika. Nikajiona mjanja. Nikayeyusha nta nikalifunika jiwe lote kwa juu, nikasema tindikali haitapita hapo. Nikakifunga kwa uzi, nikakishusha.

Nta na tindikali iliyopata joto la shaba, havikai pamoja. Nilisikia mlio kama soda inafunguliwa. Nikaona povu la kijani linapanda pembeni mwa nta. Nilikivuta, nikakitupa kwenye maji ya magadi, nikaikwangua nta kwa ukucha. Uso wa jiwe ulikuwa umeliwa. Jicho halipo, ukia haupo. Kumebaki kitu cheupe-cheupe chenye mashimo, kama ulimi wa mgonjwa.

Nikakaa sakafuni. Sikufikiria kidani. Nilifikiria kwamba nimemwunguza mtoto wa mtu. Nyuma ya pazia Mjomba alikohoa mara mbili, nami nikainuka nikafungua dirisha harufu itoke, nikakohoa na mimi, kama kwamba ni vumbi tu.

Kisha nikafanya nilichokifanya. Ukingo ambao niliogopa kuufungua, sasa niliufungua bila hofu, maana cha kuharibu kilikuwa kimeshaharibika. Jiwe likatoka. Nikaligeuza. Upande wa chini, uliokuwa umekaa ndani ya kikombe, tindikali haikuufikia. Na miviringo ilikuwepo. Jiwe lile lilikuwa na jicho lake mpaka chini, kama moyo wa muhogo unavyopita kipande kizima. Upande ule haukusuguliwa na mkata mawe, una alama za msumeno, basi nikausugua kwa msasa na maji, halafu majivu na kitambaa, mpaka ukang'aa. Niliporudisha jiwe kikombeni, ule mzima juu na ule ulioungua chini, ndipo nikaona. Ukia umepinda kushoto, hata nilizungushe jiwe vipi. Ni kama unavyojitazama kwenye kioo, kovu la shavu la kulia linakuwa la kushoto.

Nikajiambia, nani ataona. Nikaukandamiza ukingo.

Saa sita kamili Mama Riziki alirudi. Dhahabu ilikuwa imebanduka, shaba imefifia kama alivyotaka. Aliigusisha midomo, akaitia kifuani haraka, gari linamngoja. Akasema, "Mungu akubariki, mama fundi, mikono yako ni mizuri." Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Safari njema."

Tangu siku ile niliogopa rangi ya kijani. Sombe, yale majani ya muhogo, ikiwa mezani, niliogopa. Kitenge cha kijani kikipita barabarani, nainamia benchi nisikione. Nilijipa maneno mengi ya kujifariji: labda hatampata mtoto. Mnasikia nilivyokuwa? Nilitamani mama asimpate mwanawe ili kosa langu lisionekane. Woga ulionifunza Mjomba ulikuwa wa kulinda kitu cha mtu. Huu wa kwangu ulikuwa wa kujilinda mwenyewe, na ulinila kama tindikali ile.

Miezi ikapita, mingi. Siku moja sokoni muuza ndizi kutoka Mwandiga akawa anahadithia wenzake. Kuna Mkongo kamkuta mwanawe kwa mwanamke mmoja pale kwao, anaitwa Mama Skola, mkulima, mtu mwema, aliyemwokota mtoto Kibirizi akiwa amekwenda kuuza mihogo. Mtoto ana jiwe, mama ana jiwe, lakini mawe yamekataa. Moja linatazama huku, moja kule. Mtoto mwenyewe hamkumbuki mama. Na kwa vile kulikuwa na watu wanaodai watoto wasio wao, ofisi ya kutafuta watoto haitaki kumtoa.

Nilinunua ndizi, nikarudi kazini. Nilipiga tupa bangili moja siku ile na kesho yake, ileile, mpaka ikakatika.

Siku ya tatu walinijia. Dada mmoja wa ofisi ile, mwenye daftari, na mgambo nyuma yake. Dada akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo, mama," halafu akasema, "Kuna mwanamke anasema ulimbadilishia jiwe. Anasema lake uliliiba ukamtilia jingine. Tunakuomba mjini."

Nilikwenda nyuma ya pazia kuchukua mtandio. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono inatetemeka juu ya magoti.

"Mjomba," nikasema, "nilikiweka kile kidani kwenye tindikali na jiwe ndani."

"Najua," akasema. "Nilisikia harufu siku ileile. Nilingoja useme."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa." Akanipa koleo dogo na kisu cha kufungulia ukingo, vimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa ameshaviandaa. "Kalifungue mbele yao."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja Kigoma mjini, chenye dirisha linalotazama ziwa. Mama Riziki alikuwa amekaa upande mmoja, amekonda. Aliponiona hakusalimu. Upande mwingine alikaa Mama Skola, mwanamke mfupi wa Kiha, kanga ya kubebea bado iko begani ingawa mtoto ni mkubwa wa kutembea. Riziki alikuwa ameushika upindo wa sketi ya Mama Skola, akimwita mama, akimsemesha Kiha. Jiwe la kijani liko shingoni kwa uzi. Jicho, na ukia kulia.

Dada wa ofisi akaweka kidani mezani. "Mama huyu anasema jiwe lake lilikuwa sawasawa na la mtoto. Hili si sawasawa. Basi ama fundi ni mwizi, ama mama huyu si mama. Mimi siwezi kumtoa mtoto kwa kubahatisha. Nikikosea, sitamwona tena."

Mama Skola akasema taratibu, "Mimi simchukii. Lakini wameshakuja wawili kabla yake, na wote walilia hivyohivyo."

Wote wakanitazama. Mgambo yuko mlangoni. Nilijua nikisema neno moja, "Sikumbuki," ningeweza kurudi kwetu. Hakuna mtu angeweza kunibana. Mkimbizi asiye na karatasi, neno lake dhidi ya langu, mwenyeji. Nililiwaza hilo, siwafichi. Lakini nilikuwa na kisu cha Mjomba mkononi.

Nikasema, "Jiwe ni lake. Mimi niliunguza uso wake kwa tindikali, nikaligeuza, nikaficha."

Nikaufungua ukingo, kisu kikateleza kikanikata dole gumba, nikalitoa jiwe nikalilaza upande mzima chini. Uso ule ulioliwa, mweupe, wa mashimo, ukawa juu. Mama Riziki akalitazama. Akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

"Ulijua siku ile?" akaniuliza.

"Nilijua."

Ndipo nikaona kitu ambacho ningekiona tangu mwanzo, kama woga usingenifunga macho. Mkata mawe alikata vipande viwili vinavyofuatana. Kipande cha mama kilikuwa juu, cha mtoto chini yake. Basi upande wa chini wa jiwe la mama ndio uliokuwa umegusana na upande wa juu wa jiwe la mtoto, kabla msumeno haujapita. Nilichokuwa nimekigeuza ili nidanganye, ndicho kilichokuwa jirani wa karibu kuliko vyote.

"Naomba la mtoto," nikasema.

Mama Skola aliushika uzi shingoni kwa Riziki, asiufungue. Nilimwona uso. Alikuwa ameelewa kabla ya dada wa ofisi, maana yeye ndiye aliyemwogesha mtoto yule kila siku, jiwe lile analijua. Aliogopa kuliko mimi. Kisha akaufungua mwenyewe, akaliweka mezani.

Nilishika mawili yale, nikaweka upande mzima wa la mama juu ya uso wa la mtoto, nikayazungusha polepole. Mistari ya ubavuni ikaanza kukutana. Mstari wa kijani kizito ukashuka kutoka jiwe la juu ukaingia la chini. Mwingine. Kulikuwa na mshipa mweusi mwembamba kama unywele, unaishia ukingoni mwa moja, na mahali palepale unaanza kwenye lingine, umeruka kidogo tu pale msumeno ulipokula. Nikayafungua kama kurasa mbili za kitabu. Jicho na jicho, ukia huku, ukia huku, umbali uleule.

Dada wa ofisi aliyapeleka dirishani. Akayageuza, akayasogeza, akarudi. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Akayatenganisha, akayachanganya nyuma ya daftari, akampa Mama Skola. "Yaunganishe wewe."

Mama Skola akayaweka vibaya. Akajaribu tena. Mara ya tatu yakakaa, mshipa ukakutana na mshipa, akapitisha kidole ubavuni juu na chini. Kisha akaivua kanga ya kubebea begani, akaikunja, akaiweka kwenye mapaja ya Mama Riziki. Alikuwa analia bila sauti. Akasema, "Akiugua masikio, mtilie mafuta ya mawese ya vuguvugu. Kushoto ndiko kunamsumbua."

Mtoto hakumkimbilia mama yake. Msingoje hilo. Alisema anataka jiwe lake. Akapewa, akapewa na la pili, akakaa chini akawa anayabandika na kuyabandua, na Mama Riziki akateremka kwenye kiti akakaa sakafuni karibu naye, asimguse. Wakakubaliana kwamba Mama Riziki atakaa Mwandiga kwa Mama Skola kwanza, mpaka mtoto amzoee. Dada akaandika hayo, akatutaka tutie dole gumba. La kwangu lilikuwa na damu, likatoka vizuri kuliko yote.

Nilipotoka nje nilidhani yamekwisha. Mama Riziki akanifuata mpaka barabarani. Kikombe kitupu cha kidani alikuwa nacho mkononi, akanirudishia, akasema hakihitaji tena, mawe atayashona kwenye kitambaa kimoja. Halafu akaniuliza bila ukali, kama mtu anayeulizia njia.

"Mama fundi. Kama hawangekuja kukuchukua, ungekuja?"

Nikamwambia, "Ningekuja."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Aksanti," akarudi ndani kwa mwanawe.

Kikombe ninacho, kile pale kwenye msumari juu ya benchi, kile mnachoniuliza kila siku mbona sikiuzi. Ukingo wake umefunguliwa mara mbili, tazameni mtaona. Nyinyi mtaharibu vitu vya watu, tena sana. Mkiharibu, mwambieni mwenyewe siku ileile, kabla hajafika barabarani. Mimi nilisikia habari zake sokoni, nikanunua ndizi, nikapiga tupa bangili siku mbili. Nilimwambia ningekuja, akanishukuru.

Nisingekwenda.